Nukta ya lori imesimama usiku: mnaishije na taarifa za papo hapo?

Mke wa Dereva anauliza:

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu kidogo kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Tulipoanza maisha, safari yake ilikuwa na taarifa mbili tu: ananiaga, na akifika ananipigia. Katikati hapo sikuwa na habari zozote, wala sikuzitarajia. Nilijua yuko njiani, basi. Nilishona nguo za wateja, niliwalaza watoto, na mimi nikalala. Simu ikiita nilifurahi.

Sasa hivi tumeunganisha simu zetu, naona alipo kwenye ramani saa yoyote, yeye ni nukta inayotembea. Sitaki kusema ni kitu kibaya. Watoto wanapenda kuangalia baba amefika wapi, na siku anayorudi najua saa ya kuwaambia wajiandae kumpokea. Akikwama kwenye foleni naiona kabla hajaniambia. Siku moja mdogo wetu alizidiwa usiku, na kwa kuwa niliona baba yake yuko karibu kuingia, nilijua nimsubiri twende naye hospitali badala ya kuhangaika gizani kutafuta usafiri. Hilo sitalisahau.

Lakini nukta ile ikisimama, mimi nasimama nayo. Usiku naamka kunywa maji, nachungulia simu, nakuta haijasogea tangu nilipolala. Hapo usingizi umekwisha. Nampigia. Asipopokea napiga tena. Akija kupokea anakuwa amekasirika, kwa sababu alikuwa kwenye usukani, na simu ikiita mfululizo saa zile anadhani mtoto ni mgonjwa. Kila mmoja wetu ana haki yake na bado tunagombana.

Kilichonifanya niandike ni safari yake ya mwisho. Nukta ilikuwa imesimama katikati ya pori, na muda uleule kwenye kundi la ukoo shangazi akaleta picha ya lori limepinduka, rangi ileile, na maneno ya kutuomba tuwaombee madereva wetu. Siwezi kuwaeleza nilivyoumaliza usiku ule. Asubuhi alinipigia mwenyewe, mzima kabisa. Alikuwa amepaki akalala ndani ya gari. Picha ile ilikuwa ya miaka iliyopita, tena ya nchi nyingine.

Maswali yangu ni haya. Ile nukta inajua nini hasa? Je, niache kabisa kuangalia? Na nyie mnaoishi na taarifa za namna hii kila siku, iwe kazini au nyumbani, mnafanyaje ili zisiharibu usingizi wenu na zisiwachoshe mnaowapenda?

Msomaji Kimya:

Pole sana dada. Nitasema jambo moja, kwa sababu najua watakuja watu wa kukwambia uzime simu uishi kama zamani. Mimi zamani naikumbuka. Baba akichelewa kurudi safari, mama alikuwa anakaa kimya jioni nzima, na sisi watoto tulijua tusimsemeshe. Wasiwasi ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni mahali pa kuuliza.

Na taarifa ikifika kwa wakati wake inabadilisha maisha ya mtu kwa kiasi kinachopimika. Mchumi Robert Jensen aliwafuatilia wavuvi wa Kerala, kusini mwa India, wakati simu za mkononi zilipoingia huko kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya hapo mvuvi alirudi na samaki wake kwenye soko lake la siku zote bila kujua kama wanunuzi wapo, na asilimia 5 hadi 8 ya samaki iliishia kutupwa, huku soko la jirani watu wakiwatafuta. Walipoanza kupiga simu wakiwa bado baharini, kutupa samaki kulikoma karibu kabisa, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, na bei kwa mnunuzi ilishuka kwa takriban asilimia 4.

Simu ile ilimfikia mvuvi wakati bado anaweza kugeuza mashua. Wewe usiku ule, hata kama nukta ingekuwa inasema kweli tupu, ungeweza kugeuza nini? Nakuuliza kwa heshima, sikulaumu.

Mratibu wa Safari:

Dada, mimi niko upande wa pili wa nukta hiyo. Kazi yangu ni kuratibu malori: chumba kimoja, skrini kubwa ukutani, simu mbili mezani, zamu usiku na mchana. Wake wa madereva wananipigia, na wengi wanauliza hilihili lako. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu naamini ukielewa nukta inavyopatikana utapumzika kuliko ukiambiwa tu usiogope.

Hakuna jicho angani linalomwona mumeo. Setelaiti za GPS, mfumo wa kutambua mahali, ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu na kazi yao ni kutangaza: mimi ni setelaiti fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu ya mumeo inasikiliza tu. Ikizisikia nne au zaidi inapiga hesabu na kupata mahali ilipo. Haizijibu setelaiti hata neno moja. Hesabu yenyewe ni ya muda: ishara inatumia kama milisekunde 67 kushuka kutoka huko juu, na ukikosea mikrosekunde moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ndiyo maana setelaiti zimebeba saa za atomiki, na hata hizo zinarekebishwa, kwa sababu kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Einstein saa iliyo huko juu inatangulia ya kwetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku. Bila marekebisho hayo kosa lingekuwa linaongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Zamani pia Marekani ilikuwa ikiivuruga kwa makusudi ishara ya raia. Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na leo simu iliyo mahali pa wazi inajua ilipo kwa tofauti ya mita chache.

Kwa hiyo sehemu hiyo ni imara. Usiitilie shaka.

Udhaifu unaanzia hapa: simu ya mumeo inajua, wewe bado hujui. Ili ujue, lazima simu yake ipate mnara, itume kwenye seva (kompyuta kuu ya programu hiyo), na seva ikuletee wewe. Safari hiyo ya pili ndiyo inayokatika kila siku. Inakatika bondeni, inakatika porini ambako mnara mmoja uko mbali na mwingine, inakatika bando likiisha. Inakatika pia simu yenyewe ikiamua kutunza chaji: betri ikishuka, simu nyingi zinazilaza programu ambazo hazionekani kwenye kioo, na programu ya kutuma mahali alipo inalazwa pamoja nazo. Dereva anaendelea na safari, simu iko mfukoni, wewe kwako nukta imeganda.

Yaani unachokiona ni mahali alipokuwa mara ya mwisho simu yake ilipopata njia ya kusema. Hiyo nukta ina umri. Inaweza kuwa na sekunde tatu, inaweza kuwa na saa tatu, na kwa bahati mbaya waliotengeneza programu hizi wanaipaka rangi ileile na kuifanya imemete vilevile. Mimi hili linanikera kwa dhati. Umri umeandikwa kwa herufi ndogo pembeni au ukiigusa nukta: "dakika 2 zilizopita", "saa 1 iliyopita". Ningekuwa na uwezo, maandishi hayo yangekuwa makubwa kuliko ramani.

Kwenye skrini yetu tumeyapa rangi. Gari lililotuma taarifa ndani ya dakika tano ni la kijani. Likipita hapo linakuwa la chungwa, likipita nusu saa ni kijivu. Kijana mgeni akiona kijivu moyo unamwenda mbio na anataka kupiga simu. Mzoefu anaangalia kwanza limepotelea wapi. Kuna vipande vya barabara ambako kila gari linapotea na tunavifahamu kwa majina, na tunajua upande wa pili litaibuka baada ya muda gani. Anaandika saa kwenye daftari, anaendelea na mengine. Muda ule ukipita bila gari kuibuka, hapo ndipo anaamka kitini.

Sasa tenganisha mambo mawili ambayo kwako wewe yanaonekana sawa. Nukta imesimama na umri wake ni dakika moja: lori ndilo limesimama. Nukta imesimama na umri wake ni saa mbili: taarifa ndiyo imesimama, lori huenda liko mbali sana na hapo. Hilo la kwanza, usiku, mara nyingi ni jambo la kushukuru, maana dereva aliyepaki amelala na dereva aliyelala hatagonga mtu. Wake wa madereva wanaogopa gari lililosimama. Sisi tunaogopa zaidi lile ambalo halijasimama kwa saa nyingi mfululizo.

Usishangae pia ukiona gari limeruka ghafla kutoka hapa hadi kule. Kifaa tunachofunga kwenye lori kina kumbukumbu yake: kikikosa mtandao kinaendelea kuandika, na kikipata mnara wa kwanza kinamwaga yote kwa mkupuo, njia yote inajichora nyuma. Simu ya kawaida mara nyingi haifanyi hivyo. Na ukiona duara la bluu hafifu limeizunguka nukta, angalia upana wake. Duara pana ni simu inakwambia kwamba iko mahali fulani humo ndani, pengine imekosa setelaiti na inakisia kwa minara. Nimeshawahi kupigiwa na mama analia kwamba gari limeingia msituni. Gari lilikuwa barabarani, duara ndilo lilikuwa la kilomita nzima.

Hata wekundu wa foleni uupokee hivyohivyo. Ramani haioni magari, inahesabu simu zinazotembea polepole. Februari 2020 msanii Simon Weckert alionyesha jinsi alivyokokota kigari chenye simu 99 kwenye mitaa ya Berlin isiyo na foleni, na Google Maps ikaipaka rangi nyekundu.

Swali la kuacha kabisa: mimi sikushauri uache. Punguza kasi. Ndege ya Malaysia Airlines MH370 ilipopotea Machi 2014 ikiwa na watu 239, dunia nzima iliuliza inawezekanaje ndege kubwa hivyo isijulikane ilipo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likaweka kiwango kipya kilichoanza kutumika Novemba 2018: ndege za abiria juu ya bahari zijulikane mahali zilipo walau kila dakika 15. Si kila sekunde, dakika 15, na hiyo ni ndege yenye mamia ya watu. Kwa lori lililoko nchi kavu, mke wa dereva akiangalia mara chache kwa siku hajamtelekeza mumewe.

La mwisho, na hili nakuomba kama ndugu. Usimpigie akiwa anatembea. Kwetu ni marufuku hata kwa bosi. Andika ujumbe, atausoma akipaki. Simu inayoita mfululizo usiku inamtoa macho barabarani mtu mwenye tani nyingi nyuma yake, na wewe ulipiga kwa sababu unataka awe salama.

Mama wa Darasa la Nne:

Nimesoma maelezo ya Mratibu nikaona maisha ya nyumbani kwangu, japo sisi hatuna lori.

Mwanangu ana kisukari aina ya kwanza. Anavaa kihisi kidogo nyuma ya mkono, na kila dakika tano kinatuma kiwango chake cha sukari kwenye simu yake, na kutoka hapo kinanifikia mimi popote nilipo. Kabla ya kihisi nilikuwa naamka usiku kumtoboa kidole akiwa usingizini. Sitamruhusu mtu yeyote aniambie teknolojia hii ni anasa. Wazazi wenyewe ndio waliopigania namba hizi zifike kwenye simu ya mzazi; wale waliokuwa wanajua kuandika programu walianzisha mradi unaoitwa Nightscout wakati watengenezaji wa vihisi walikuwa hawajatoa njia hiyo, na wakaugawa bure.

Lakini na hii nayo ina umri, kama alivyosema Mratibu. Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari inachelewa dakika kadhaa kufika huko. Sukari ikishuka kwa kasi, mwili wa mtoto umeshatangulia na namba iko nyuma. Ndiyo maana tulifundishwa kusoma mshale unaoonyesha sukari inakoelekea kabla ya namba. Namba 5.5 (tunapima kwa milimoli kwa lita) yenye mshale unaotazama chini inanitia hofu kuliko 4.5 yenye mshale uliolala. Na mtoto akisema anatetemeka huku kioo kinaonyesha ni mzima, tunamwamini mtoto, tunapima kwa tone la damu.

Dada, kilichotusaidia sisi ni siku aliyoniuliza, "Mama, unaniangalia mimi au unaangalia namba yangu?" Nilikuwa namwandikia shuleni kila namba ikisogea. Wenzake wanacheza, yeye anasoma ujumbe wangu. Tukakaa na daktari wake tukapanga. Kengele yangu inalia chini ya 3.9 tu. Ikilia, sipigi simu palepale, kwa sababu yeye naye imemlilia na anajua la kufanya: anakula kitu cha sukari, anasubiri dakika 15, anaangalia tena. Nikiona dakika 15 zimepita na haijapanda, hapo napiga, kwanza kwake, kisha kwa mwalimu wake. Namba nyingine zote za mchana nazisoma jioni tukiwa pamoja.

Nilidhani nitateseka kutoangalia. Wiki za mwanzo niliteseka kweli. Kilichonituliza ni kujua kwamba kengele ipo, na kwamba kukiwa kimya ni kwa sababu hakuna la kufanya, si kwa sababu nimelala.

Wewe na mumeo kaeni mpange kengele yenu.

Mke wa Dereva:

Nawashukuru sana, nimesoma kila jibu mara mbili. Mratibu, hapo uliposema mke anaogopa gari lililosimama na nyie mnaogopa lisilosimama, nimemsomea mume wangu kwa simu (alikuwa amepaki). Amenyamaza kidogo, akasema "mwambie huyo mtu asante". Maandishi ya umri nimeyaona. Sasa hivi yanasema dakika 4.

Msomaji Kimya, swali lako ni gumu. Usiku ule nisingeweza kugeuza chochote, ni kweli. Lakini kama angekuwa amepata ajali ningetaka kujua. Siwezi kujifanya nisingetaka.

Na ndiyo maana ile picha inanirudia. Nukta peke yake ningeivumilia. Picha ndiyo iliyonimaliza. Mtu anajuaje, saa nane usiku, kwamba picha ni ya zamani?

Mwalimu wa Kompyuta:

Nijibu hilo la picha, maana nalifundisha darasani na bado ndugu zangu wenyewe wananitumia kila wiki.

Tarehe unayoiona kwenye simu yako ni ya siku picha ilipokufikia wewe. WhatsApp ikisafirisha picha huzifuta taarifa zilizofichwa ndani yake, ikiwemo siku na mahali ilipopigwa. Kwa hiyo picha ya miaka kumi iliyopita inaingia kwako ikiwa mpya kabisa. Kitu ambacho WhatsApp inakupa ni mishale miwili na maandishi kwamba imesambazwa mara nyingi. Ukiiona hiyo, ujue ujumbe umeshapita kwenye mikono mitano au zaidi kabla yako. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuusambaza kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja, na sababu ni hiihii ya mambo kukimbia kuliko watu kuyahakiki.

Kisha iangalie picha yenyewe kwa utulivu: namba za gari ni za nchi gani, magari yanapita upande gani wa barabara, maandishi ya ukutani ni ya lugha gani, ni mchana wakati kwenu ni usiku? Picha ya mchana iliyoletwa saa nane usiku kama habari ya sasa hivi imeshajieleza. Ukiweza, iingize kwenye utafutaji wa picha wa Google. Kama ni ya zamani, mara nyingi utaikuta imeshatumika kwingine pamoja na habari yake ya awali.

Na muulize aliyeileta: umeipata kwa nani, na yeye alikuwepo? Shangazi alikuwa na nia njema, simsemi vibaya. Watafiti watatu wa MIT, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2018 uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya kweli ilihitaji takriban mara sita ya muda ambao habari ya uongo ilihitaji kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti za roboti kwenye hesabu, matokeo yalibaki yaleyale: wanaosambaza ni watu, na uongo unawavuta kwa sababu ni mpya na unashtua.

Hata taarifa rasmi inaweza kukutangulia vibaya. Asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, simu za watu wa Hawaii zililia kwa tahadhari ya serikali kwamba kombora linakuja, wajifiche, na kwamba si mazoezi. Ilikuwa imetumwa kimakosa. Tahadhari ilifika mara moja. Masahihisho kwenye simu zilezile yalichukua dakika 38. Fikiria mzazi aliyekuwa amemkumbatia mtoto wake chini ya meza kwa dakika zote hizo.

Kwenye kundi lenu la ukoo pendekeza jambo moja tu: picha ya ajali isiingie isipokuwa aliyeileta ameiona kwa macho yake, au amempata kwa simu mtu anayehusika.

Mratibu wa Safari:

Naunga mkono hilo la mwalimu kwa nguvu zote, na naongeza la upande wetu. Ajali halisi ikitokea, wapita njia wanapiga picha kabla hata majeruhi hajatolewa, na namba ya gari inaonekana wazi. Mara nyingine picha inafika nyumbani kwa dereva kabla sisi hatujamaliza kuhakikisha nani yuko hai. Kwetu familia hupigiwa simu na mtu, kwa sauti, na hupigiwa kabla ya wateja na kabla ya mwenye mzigo. Nikikuta kijana wa zamu amesambaza picha kabla ya hapo, hafanyi kazi na mimi tena. Nani asiyejua kwamba kuna mtoto mahali fulani ambaye ataliona gari la baba yake kwenye simu ya jirani?

Kwa hiyo dada, ulisema ungetaka kujua. Una haki. Basi ujulishwe na mtu anayejua.

Fanyeni hivi akirudi nyumbani. Ingieni kwenye simu yake, sehemu ya betri, muiruhusu programu ya ramani ifanye kazi hata betri ikiwa ndogo. Anunue chaja ya kwenye gari iliyo imara, maana simu nyingi zinazopotea usiku zimezimika tu. Akuandikie vituo vyake vya kulala kwa kila njia anayopita, pamoja na vile vipande ambavyo mtandao haupo na muda wa kawaida wa kuvivuka. Kila jioni akipaki atume neno moja, "nimelala", na asubuhi lingine. Kubalianeni saa ya asubuhi ambayo ikipita bila neno lolote, wewe unaanza kuuliza.

Na ukianza kuuliza, usiulize kwenye kundi. Mwombe mumeo akupatie namba ya chumba cha uratibu cha kampuni anayofanyia kazi, si ya ofisini inayofungwa jioni. Kampuni yenye malori ya masafa marefu mara nyingi huwa na mtu macho usiku, na kifaa cha kwenye lori kinamwambia mengi ambayo simu ya mumeo haikwambii: injini imewashwa au imezimwa, spidi ya mwisho, mlango umefunguliwa saa ngapi. Hatuoni usumbufu kupigiwa na mke wa dereva. Ukipiga, taja namba ya gari, saa ya mwisho uliyoiona nukta ikitembea, na mahali ilipokuwa. Kwa hayo matatu mtu wa zamu anaweza kukujibu kabla hujakata simu, na akishindwa ana namba za madereva wengine walio karibu na hapo wanaoweza kupita kumwangalia.